Maziwa ya Dawa Aliyoniletea Kaka Yangu

Siku waliyomtoa mwanangu kifuani kwangu sikuwa na nguvu hata ya kukunja vidole nimshike. Ziwa langu la kushoto lilikuwa limepasuka lenyewe asubuhi ile, likalowanisha khanga na mkeka, na harufu yake ilijaa chumba mpaka jirani waliokuja kunipa pole walikaa ukumbini na kunipigia makelele kutoka huko, kama mtu anayezungumza na kiziwi. Mama mkwe wangu, Bi Tausi, aliingia na matope ya Salale yamemkaukia miguuni. Hakuuliza hali. Alimwinua Kassim, akamgeuza huku na huku, akaona vijipu vilivyomtapakaa shingoni na makwapani, vyote vina vichwa vyeupe vya usaha.

"Umembemenda mtoto," akasema.

"Mama, wallahi..."

"Usiniapie. Mimba umeipata umekwisha kuota mvi, na haya pia huna?"

Kwetu neno hilo ni zito. Mwanamke akiambiwa amembemenda mtoto, maana yake amelala na mwanamume naye ananyonyesha, uchafu ukaingia kwenye maziwa, mtoto akaharibika. Na mume wangu Athumani alikuwa Salale anakata mikoko, miezi mitatu hatujaonana. Basi mwanamume gani? Hakuna aliyeuliza, lakini kila mtu pale ukumbini alikuwa anajiuliza.

Kaka yangu Hemedi alikuwa amesimama mlangoni na kopo la maziwa mkononi. Nilimtazama. Nilitaka aseme hata neno moja, kwamba dada yangu hatoki nje, dada yangu yuko nyumbani kwangu tangu ajifungue. Akatazama kopo lake. Bi Tausi akampita na mtoto wangu analia, na Hemedi akasogea kumpisha njia.

Naandika haya nikiwa mzima. Mzima kwa jinsi nilivyobaki. Sikusoma shule, chuoni nilifika juzuu ya tatu, na hizi herufi za kizungu nilifundishwa hospitali na mwuguzi mmoja aliyenihurumia, kwa hiyo mwenye kusoma anisamehe makosa. Nimeambiwa wako wanawake wengine, Kibiti na Mohoro, wanaopasuliwa jipu la ziwa likarudi, likapasuliwa likarudi, na nyumbani wanaulizwa wamelala na nani. Ninyi ndio ninaowaandikia. Na wapo watu wawili nitakaowataja, nao nawaandikia pia.

Nianze nyuma kidogo.

Mimi ni mzaliwa wa Mahege, nikaolewa Salale. Nilizaa mara mbili ujanani, wote wakafa wadogo, kisha nikakaa miaka mingi sana, mpaka watu wakaacha kuniuliza. Kassim alikuja wakati nimekwisha gawa nguo za watoto. Athumani aliogopa nisije nikazalia ndani ya mikoko, maji yakiwa yamekupwa hata mtumbwi hautoki. Akanileta Mahege kwa kaka yangu, maana mama yetu alikwisha fariki na kutoka hapo zahanati si mbali. Nilijifungua salama masika yanaanza. Mtoto wa kiume, mzito, mwenye sauti. Athumani alikuja akamtia jina, akalia mbele za watu bila haya, akarudi kazini.

Wakati huo Hemedi alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe la mzungu mmoja njia ya Kibiti. Jina lake tulikuwa hatuliwezi, watu wakamwita Bwana Filimbi kwa sababu aliwaita wafanyakazi kwa filimbi kama mbwa. Filimbi moja mkamuaji, mbili nyapara, tatu wote. Mtu asiye wa huku ajue kwamba Rufiji si nchi ya ng'ombe. Mbung'o wanawamaliza. Maziwa yetu sisi ni tui la nazi. Wazee walimwambia, akacheka, akasema ng'ombe wake watakaa kwa sindano. Na kweli walikaa. Akija mbung'o, sindano. Mguu ukivimba, sindano. Kiwele kikipata joto na maziwa yakitoka na mabonge, sindano ndani ya chuchu yenyewe, leo na kesho, wakipata nafuu wanaachwa, wakirudia wanapigwa tena.

Sindano hiyo ya kiwele ilikuwa ni ile ile ya zahanati, penisilini. Katika siku zile ilikuwa ndiyo kwanza inaingia huku kwetu na watu waliipenda kupita kiasi. Mtu alikuwa na kidonda cha miaka miwili, anapigwa tano, kinafunga. Dawa nyeupe, nzito, kama maziwa. Nasema hivyo makusudi. Aliyeiona ikivutwa kwenye bomba la sindano atanielewa tulivyokosea.

Kassim alipofika siku ishirini, chuchu yangu ilichanika. Ni kitu cha kawaida, kila mama anakijua, unauma meno mtoto akishika. Hemedi akarudi kutoka kazini mchana na kopo limefunikwa jani la mgomba.

"Dada Mwajuma, leo nimekuletea kitu. Maziwa ya dawa."

"Maziwa ya dawa ndiyo maziwa gani?"

"Ng'ombe kapigwa penisilini jana na leo. Imeshuka yote kwenye maziwa. Kunywa, na hapo palipochanika upake. Kesho kutwa umepona."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mimi nimnyonye ng'ombe, mtoto aninyonye mimi. Mama hapa ni nani?"

"Mama ni ng'ombe, wewe ni bomba," akasema, na mkewe Asha akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Niyachemshe kwanza?"

"Weee! Ukiyachemsha dawa inakufa. Mabichi hivyo hivyo."

Nikanywa. Nikachovya pamba, nikapaka kwenye mchaniko, mtoto akaja akanyonya juu yake. Nilifanya hivyo siku saba. Hakuna aliyenilazimisha, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: kwa mkono wangu mwenyewe, nikisema bismillahi.

Siku ya nane niliamka na baridi. Jua la Mahege linachoma, na mimi natetemeka chini ya mablanketi mawili. Ziwa lilikuwa jekundu, gumu kama boga, na linapiga kama moyo wa pili. Asha alinikokota mpaka zahanati. Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi nimeegemea ukuta nikiona watu wawili wawili, na mwanamke aliyekuwa mbele yangu, simjui hata jina, akanipa nafasi yake na maji ya kunywa. Mambo madogo kama hayo hayasahauliki.

Dresa wetu, mwenye kufunga vidonda na kupiga sindano, aliitwa Simoni, mtu wa bara, mpole. Akanipiga sindano ya kwanza, akasema, "Mama, kwa hizi tano utakuwa umesahau."

Tano zikaisha. Sikusahau. Akapasua, usaha ukajaa bakuli, nikapata nafuu siku tatu, likajaa tena. Tano nyingine. Akapasua upande wa chini. Sasa jipu la pili likaota pajani, na Kassim akaanza vipele shingoni. Tano nyingine. Makalio yangu yakawa magumu, sindano inapinda. Mvua za masika zikaisha, watu wakaanza kwenda bondeni kulima mashamba ya mlao maji yalipopungua, na mimi nahesabu kwa sindano: hii ya kumi na mbili, hii ya kumi na tisa.

Simoni akaanza kunitazama vingine.

"Mama, niambie kweli. Unakuja kila siku? Hujaruka hata moja?"

"Wewe mwenyewe ndiye unayenipiga."

"Hakuna dawa ya kienyeji unayopaka huko nyumbani?"

"Hakuna. Napaka dawa yenu hii hii."

Hakunielewa, na mimi sikujua kama nimesema jambo. Angeniuliza tena, ningemwambia habari ya maziwa. Lakini nje benchi limejaa, akaita mwingine.

Na maziwa yakawa yanaendelea kuja. Kila nilipozidi, Hemedi aliongeza kopo. Alikuwa ananipenda, nasema hivyo bila kejeli. Lakini baadaye kidogo aliacha kuniangalia usoni akiniletea. Alikuwa anaweka kopo kizingitini, anaondoka.

Habari zikafika Salale. Ndipo Bi Tausi akaja, na mambo yakawa kama nilivyoeleza mwanzo.

Sasa sikilizeni jambo lililonimaliza. Bi Tausi alimpeleka mtoto Salale, akamlisha uji mwembamba wa mchele na tui. Baada ya wiki tatu vipele vyote vilikauka. Mtoto akanenepa. Mimi niliyekuwa namnyonyesha kwa ziwa bovu na chuchu iliyopakwa yale maziwa, nilikuwa namuua. Kuniondoka ndiko kulikomponya. Lakini watu wa Salale wataona nini? Wataona mtoto alikuwa kwa mama, akaoza. Ametolewa kwa mama, amepona. Ushahidi gani mwingine unatakiwa? Athumani alileta talaka moja, mstari mmoja, kaandikiwa na mtu. Hakuja mwenyewe. Nilimsubiri aje aniulize, hata anipige, nimwambie. Hakuja.

Na Hemedi alikuwepo barua iliposomwa.

Simoni alipoona homa hainiachi na nimeanza kuongea maneno yasiyo na maana, aliniandikia karatasi na kunipandisha lori la kwenda Dar es Salaam. Asha alinifunga ziwa kwa vipande vya shuka, akakaa nami mpaka gari lilipoondoka. Kila shimo la barabara nalikumbuka.

Hospitali nilikaa tangu mlao ukiwa mchanga mpaka vuli. Asubuhi tunapangwa kwenye baraza, wagonjwa wa kidonda upande huu, wa kifua upande ule, unangoja jina lako mpaka kivuli kinakuhama. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Bi Siwema, Mmatumbi, mguu wake umewekewa mbao. Alikuwa na mdomo. Siku waliyoniambia ziwa litakatwa, maana limekwisha oza ndani, nililia mchana kutwa. Jioni akaniambia, "Mwajuma, nyamaza sasa. Wewe umebakiwa na moja, mimi mguu ukikatwa hata msikitini nitafika siku ya pili." Nilicheka, nikaona haya kucheka, nikacheka tena. Yule mwanamke aliniokoa kwa upande wake kama daktari alivyoniokoa kwa wake.

Daktari alikuwa Mhindi, kijana, Kiswahili chake cha Unguja kabisa. Baada ya kunikata alikuja na karatasi za vipimo, akakaa kwenye kitanda, kitu ambacho wengine hawakufanya.

"Mama, sindano zote zile ulipigwa bure. Wadudu wa ugonjwa wako wanaijua penisilini. Wameizoea kama wewe ulivyozoea pilipili."

"Wameizoea wapi? Mimi sikuwahi kupigwa sindano tangu nizaliwe mpaka ugonjwa huu."

"Ndiyo ninayojiuliza. Wadudu wa namna hii tunawaona humu hospitalini, penye sindano nyingi. Wewe umetoka shamba." Akafikiri. "Huko kwenu kuna ng'ombe?"

Nikamwambia. Kopo, jani la mgomba, pamba, mabichi. Alikuwa anaandika, kisha akaacha kuandika.

"Nani alikwambia usichemshe?"

"Kaka yangu."

Akanipa vidonge vya dawa nyingine, mpya, vinavyochafua tumbo na kuacha uchungu mdomoni kama shaba. Lakini homa ilikatika siku ya nne, na jipu la paja likakauka. Siku ya nne! Baada ya miezi yote ile.

Nilirudi Mahege kifua changu upande mmoja ni ubao. Nguo zote zilinikaa kombo. Mkono wa kushoto hauinuki kupita bega, siwezi kutwanga, na kuamia ndege shambani juu ya dungu siwezi kwa sababu teo ya kurushia mawe siwezi kuizungusha. Lakini miguu ilikuwa mizima. Nikaenda shambani kwa Bwana Filimbi kwa miguu yangu.

Langoni nilimkuta mkamuaji mmoja mzee, Mbwana, vidole vyake viwili vimekunjamana kwa makovu. Nikamwambia mimi dada yake Hemedi. Akatazama kifua changu, akajua.

"Ulikunywa ya kitambaa chekundu?"

"Kitambaa gani?"

Akanieleza. Ng'ombe anayepigwa sindano ya kiwele alikuwa anafungwa kitambaa chekundu mkiani, ili maziwa yake yasichanganywe na ya wengine. Yale ni ya kumwaga. Kulikuwa na shimo nyuma ya banda, amri ya bwana mwenyewe. Hata mbwa wake walikuwa hawapewi.

"Sasa wengine walisema, hii ni hasara," Mbwana akasema. "Dawa ya bei yote ile inamwagwa shimoni? Wakaanza kuchukua makopo. Hemedi wa kwanza. Mimi nilipoota haya," akaonyesha vidole, "na mwenzangu akaota, na sindano hazikutuponya, nikamwambia Hemedi, acha kupeleka nyumbani, haya maziwa yana kitu. Akasema amesikia."

"Lini ulimwambia?"

"Kabla ya mlao. Mashamba ya bondeni yalikuwa bado yana maji."

Nikahesabu. Kabla Bi Tausi hajaja. Makopo mangapi yaliwekwa kizingitini baada ya hapo? Na bwana, nikauliza, alijua? Mbwana akacheka vibaya. Alikuwa anawaona wakamuaji wakitoka na makopo langoni kila siku, akasema. Siku moja nyapara akamwuliza awazuie? Akajibu, waache, matumbo yao magumu.

Bwana Filimbi alitoka kuangalia ni nani anazungumza langoni. Nikamweleza, na nikafungua khanga nimwonyeshe, maana aibu ilikuwa imekwisha kwangu. Akageuza uso.

"Mimi hapana uza wewe maziwa," akasema. "Mimi sema mwaga. Kila siku mimi sema mwaga."

"Ulisema mwaga. Ukaona hayamwagwi. Ukanyamaza."

"Hiyo shauri ya ndugu yako." Akapuliza filimbi mara mbili, nyapara akaja akanitoa.

Nikaenda kwa ndugu yangu, basi. Nilimkuta anashona mtego wa samaki uani. Nilikaa mbele yake.

"Hemedi, Mbwana alikwambia."

Akashona.

"Alikwambia, ukaendelea kuniletea."

"Nilidhani ni vidole vyake tu, dada. Ningeacha kukuletea ungeuliza kwa nini. Ningesema nini? Kwamba mimi ndiye niliyekuua?"

"Na Bi Tausi aliposema nimembemenda mtoto?"

Hapo akalia. Nilimwacha alie. Mwisho akasema, "Ningesema ni maziwa, wangeniuliza nani aliyeyaleta." Hivyo tu. Aliona ni afadhali mimi niitwe malaya kuliko yeye aitwe mjinga. Mtoto wa mama yangu, niliyembeba mgongoni kwenye mafuriko maji yakinifika kifuani.

Nilimwomba twende wote Salale akaseme. Akasema kesho. Mvua za vuli zikashika, akasema baada ya mavuno. Ikaja masika, akahamia Mohoro kwa wakwe zake. Nilikwenda kwa jumbe, mkubwa wa kijiji, akaniambia mambo ya maziwa na matiti ni ya wanawake, tuyamalize nyumbani. Miaka ilipita, nikaenda Salale peke yangu, nikamweleza Athumani. Akanisikiliza kwa adabu, akauliza, "Kaka yako yuko wapi aseme hayo?" Bi Tausi alimleta Kassim aniamkie. Akanishika mkono akasema, "Shikamoo, shangazi."

Kwa hiyo, wenzangu, haya ndiyo ninayoyajua. Maziwa yachemsheni, hata akiyaleta malaika. Maziwa ya mnyama aliyepigwa sindano si dawa, mwageni. Jipu likirudi mara ya pili baada ya sindano, msingoje la tatu kama mimi, ombeni karatasi ya hospitali kubwa, na mwelezeni dresa kila kitu mlichokunywa na kupaka, hata asipouliza. Na wewe mume, mkeo akioza ziwa, kaa naye. Usitume barua.

Bwana Filimbi, bado uko na ng'ombe wako. Nataka uitwe mbele ya wakubwa wenzako useme kwa nini mbwa wako walikatazwa kitu ulichoacha kitoke langoni mwako kwenda vinywani mwa watoto wetu.

Na wewe Hemedi, ugali wako wa Mohoro unashuka? Sitaki pole yako, sitaki samaki unaonitumia. Ijumaa yoyote utakayochagua, njoo Salale, watu wakitoka msikitini, usimame mbele ya Athumani na Bi Tausi useme kwa kinywa chako: maziwa nilileta mimi, nikaambiwa yana kitu, nikaendelea kuleta, na dada yangu hakutenda lolote. Halafu umgeukie Kassim. Ana miaka sita sasa, maneno anaelewa. Mwambie mimi ni nani yake.